Gitaa Lililoimba Ukutani

Harufu ya vanishi mbichi bado inanitoa jasho. Mwezi uliopita nilimsindikiza rafiki yangu kwenda kuchukua kabati kwa seremala, na tulipofika mlangoni nikamwambia aingie peke yake, mimi nitamsubiri nje juani. Akacheka, akasema nimeanza kuogopa vumbi kama mke wa tajiri. Sikumweleza kitu. Mtu wa umri wetu akisema anaogopa harufu atachekwa, na maelezo yake ni marefu, hayaelezeki mtu akiwa amesimama barabarani.

Tulikaa mtaa wa Bel-Air, katika nyumba ndogo ambayo ukuta wake wa nyuma uligusana na ukuta wa jirani. Jirani yule alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye malori na ghala la vitu vya jumla, na nyumba yake ilikuwa imetupita kwa ghorofa nzima. Baba yangu aliuza misumari na mabati katika duka la mtu, lakini mtaani hakuna aliyemjua kwa misumari. Alijulikana kama mpiga gitaa wa kwaya ya parokia. Akirudi kazini alinawa mikono, akaketi kwenye kigoda uani, akaniita niweke kidevu changu juu ya ubao wa gitaa wakati akipiga. Sauti ilipanda kupitia mfupa wa taya, ikaingia menoni, ikanitekenya nyuma ya macho mpaka nikacheka peke yangu. Nilikuwa na imani yangu juu ya jambo lile, na hakuna mtu mzima aliyenifundisha. Niliamini kwamba sauti inatoka ndani ya baba, inapita mikononi mwake, na mti unaitunza kama mtungi unavyotunza maji.

Akafa wakati wa mvua, baada ya kuumwa siku chache tu. Mama alilitundika gitaa sebuleni, kwenye msumari wa ukuta wa nyuma, akasema asiliguse mtu. Likakaa pale kimya miezi mingi. Nilikuwa nikipita mbele yake naliangalia, nikijiambia kwamba sauti ya baba imebaki mle ndani, haijaisha.

Kiangazi kilipoanza akaja Mwansa, ambaye nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa mtoto wa shangazi yangu wa Pweto, kando ya ziwa, dada mdogo wa baba, ambaye naye alikufa mwaka uleule. Mwansa alifika juu ya lori la wauza samaki, amekaa kati ya magunia, na harufu ya samaki wakavu haikumtoka hata baada ya kuoga mara tatu. Alinizidi miaka miwili au mitatu. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makubwa, na mwenye tabia iliyomchosha kila mtu: ukimwita haitiki. Ukimtuma chumvi analeta kiberiti. Akisemeshwa na mgeni anatabasamu tu. Mama alisema ni huzuni ya mama yake, tumwache. Papa Mukubwa, kaka mkubwa wa baba, ambaye tangu msiba ndiye aliyekuwa na sauti katika nyumba yetu, alisema mtoto asiyeitika ana anayemsikiliza mahali pengine.

Nililala naye mkeka mmoja. Sikumchukia. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba yaliyofuata hayakutokana na chuki.

Mchana mama alikuwa sokoni, akiuza unga na mafuta ya mawese. Mimi na Mwansa tulirudi shuleni, tukala bukari, ugali wetu, iliyoachwa chini ya sahani, tukalala sebuleni kwa sababu ya joto. Mchana mmoja nikaamka nikasikia kitu kinanguruma polepole. Haikuwa sauti ya nje. Ilikuwa nzito, ndefu, haipandi wala haishuki, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Nikainua kichwa. Mwansa alikuwa ameketi chini ya gitaa, amebana mgongo wake ukutani, amefumba macho, anatabasamu. Na gitaa, juu ya kichwa chake, ndilo lililokuwa likiimba. Niliona uzi mmoja, wa pili kutoka kushoto, umekuwa mnene na ukungu, kama unavyoonekana uzi uliopigwa. Hakuna mkono uliougusa.

Sikupiga kelele. Niliweka shuka mdomoni, nikangoja. Baada ya muda sauti ilikatika ghafla, uzi ukarudi mwembamba, na Mwansa akafumbua macho, akaondoka pale, akaenda kuosha sahani.

Ikatokea tena siku ya tatu. Ikatokea tena wiki iliyofuata, mara mbili, saa tofauti. Kila nilipoisikia, Mwansa alikuwa palepale, mgongo ukutani. Na siku ambazo hakukaa pale, gitaa halikuimba. Kwa akili ya mtoto wa miaka minane hapakuwa na la kuuliza zaidi. Shuleni tulisimuliana habari za watoto walozi waliokula ndugu zao, na kila mtaa ulikuwa na mtoto wake aliyefukuzwa. Nikajua kwamba Mwansa anamtoa baba. Anamvuta sauti kidogo kidogo kutoka katika mti, anaipokea mgongoni, na siku itakapokwisha, gitaa litakuwa ubao mtupu na baba atakuwa wake. Usiku nilijikunja pembeni ya mkeka ili mgongo wake usiguse wangu.

Jumapili moja Papa Mukubwa alikuja baada ya misa. Mama alikuwa jikoni, Mwansa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Papa Mukubwa aliniuliza kwa nini nimekonda. Ningeweza kusema chochote. Nilimwangalia Mwansa kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuwa ameacha kutwanga, anatutazama. Nikasema. Nilisema yaya Mwansa anaimbisha gitaa la baba bila kuligusa, na nikasema linaimba kwa sauti ya baba.

Papa Mukubwa hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Aliweka kikombe chini taratibu, akaniambia nimwite Mwansa aketi pale anapokaaga. Tukangoja. Nilitamani lisiimbe, na nilitamani liimbe, ili nisiwe mwongo. Halikuimba mpaka tulipokaribia kula. Ndipo Mwansa, aliyekuwa amechoka kukaa bila kuambiwa sababu, alipojinyoosha ghafla, akabana mgongo wake ukutani, na gitaa likaanza kunguruma. Mama alikuwa anaingia na sufuria. Aliisikia pia. Niliona mvuke ukimpanda usoni na yeye hasogezi uso.

Kesho yake Papa Mukubwa alirudi na mama mmoja mwombezi, mwenye kitambaa cheupe kichwani na sauti ya upole sana. Alimshika Mwansa kidevu, akamwuliza maswali mengi kwa kunong'ona, na Mwansa hakujibu hata moja. Yule mama akasema ububu wa namna ile hautoki kwa Mungu. Alitoa amri zake kwa upole uleule: mtoto afungwe siku tatu bila chakula wala maji, mpaka aliyemo ndani yake adhoofike na kusema jina lake, siku ya tatu gitaa lichomwe moto mbele yake, na kama bado hasemi, arudishwe alikotoka au atolewe nje, kwa sababu ndani ya nyumba ile kuna mtoto mwingine, na aliyeanza na sauti ya baba atamalizia na damu ya binti.

Binti nilikuwa mimi.

Walimfungia katika chumba kidogo cha makaa, mlango wa mbao, komeo nje. Hakulia. Nadhani hakuelewa. Siku ya kwanza nilikaa mbali na mlango ule, nikihofia kwamba atanipitia kwenye upenyo kama moshi. Jioni nilisikia anagonga, kwa adabu, kama mgeni. Akagonga tena. Kisha akaacha. Siku ya pili hakugonga, na hapo hofu yangu ikageuka upande. Nilikuwa nimemwogopa Mwansa. Sasa nikaogopa ukimya wake. Nikalala kifudifudi nikachungulia chini ya mlango. Niliona vidole vyake sakafuni, vyeusi kwa makaa, havitikisiki.

Nilichukua kitambaa cha kusugulia vyombo, nikakilowesha maji, nikakisukuma chini ya mlango. Kilivutwa. Nilisikia anakinyonya. Kikarudishwa. Nikakilowesha tena. Nilipogeuka mara ya tano nikamkuta mama amesimama nyuma yangu. Nilidhani atanipiga. Aliingia jikoni, akarudi na kitambaa safi na bakuli la maji yenye sukari, akaviweka karibu na goti langu, akaenda zake kama hajaona kitu. Mama yangu alikuwa mjane katika nyumba ya ukoo wa mume wake. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipojua uzito wa maneno hayo.

Mchana ule alilitungua gitaa, akalifunga katika kitenge, akanifunga nalo mgongoni kama mtoto. Akaniambia nilipeleke Naviundu, kando ya mto, kwa Mzee Ramazani, fundi aliyemtengenezea baba, nimwambie alifiche, na nikirudi nisiseme nilikwenda wapi. Hakuweza kumwokoa mtoto wa wifi yake, nadhani alijiambia hivyo, basi aokoe hata mti.

Sijatembea njia ndefu kama ile tena maishani. Malori ya madini yalipita moja baada ya jingine, na kila lilipopita, gitaa liliguna mgongoni mwangu. Niliisikia ndani ya mbavu, palepale alipokuwa akiisikia Mwansa. Nilikimbia; likagonga uti wa mgongo na kuguna zaidi. Nikasimama, likanyamaza. Nikatembea polepole sana, mikono nyuma, nikilishika kama mtu anayebeba jungu la mafuta ya moto, nikisema kimoyomoyo, baba usiseme, baba usiseme, mpaka nikafika mtoni.

Mzee Ramazani alikuwa mtu wa asili ya Maniema, mwislamu mwenye kofia nyeupe iliyochafuka gundi, na karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichojaa magitaa ukutani na ngoma sakafuni. Alikuwa amepaka vanishi asubuhi. Harufu ilikuwa nene kiasi cha kuonekana. Alinikaribisha, na huku akisema akagonga ngoma moja kwa kiganja, kwa mazoea tu, kama mtu anavyogonga meza. Magitaa yote ya ukutani yakajibu. Yaliguna kwa pamoja, kwa chini, kisha yakanyamaza.

Nilirudi nyuma mpaka mlangoni. Nilidhani nimeletwa katika nyumba ya wafu wenyewe, na kila ubao pale umemeza mtu.

Alinipa maji, akakaa chini sakafuni ili asiwe mrefu kuliko mimi. Nilimweleza yote kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuficha. Nilipofika kwenye chumba cha makaa alisimama akatembea, akarudi akakaa. Kisha alifungua kitenge, akalitazama gitaa la baba bila kulipiga. Akachukua jingine ukutani, akakata vipande vidogo vya karatasi, akavikunja katikati, akaviweka vimepanda juu ya nyuzi, kimoja kila uzi, kama watoto waliopanda uzio. Akanipa gitaa la pili, akaniambia nipige uzi mmoja, wowote. Nilipiga. Kule mbali, bila kuguswa, karatasi moja ikaruka ikaanguka. Nyingine zikabaki. Nikapiga uzi mwingine. Karatasi nyingine ikaanguka.

"Kamba inatikisa upepo," alisema, "na upepo inatikisa kamba ya ndugu yake. Ile yenye haiko ya sauti yake, haiamke. Inamungojea wake. Hapana roho humu, mama. Iko kutikisika tu."

Akanieleza kwamba nyuzi za gitaa lililotundikwa hulegea polepole, siku kwa siku, kwa joto na kwa kukauka kwa mti. Ndiyo maana lilikaa kimya miezi yote ile: ulegevu haukuwa umefika. Sasa uzi ule mmoja umeshuka mpaka umekutana na sauti ya kitu fulani, kitu kinachonguruma karibu na ukuta ule. Akaniuliza nyuma ya ukuta kuna nini. Nikasema kuna tajiri. Akatabasamu kidogo. Halafu akauliza swali ambalo bado linanifuata.

"Yaya yako anaikalaka pale mbele gitaa iimbe, ao gitaa inaanza njo yee anaenda?"

Nilifungua mdomo kumjibu kwamba anakaa kwanza. Ndivyo nilivyomwambia Papa Mukubwa. Lakini nikamwona Mwansa ile Jumapili, amekaa muda mrefu pale na hakuna kinacholia, kisha anajinyoosha ghafla kama mtu aliyeitwa, na sauti inakuja. Nikakumbuka kwamba siku nyingine niliamka nikamkuta tayari yuko pale. Sikuwahi kuona mwanzo. Nilikuwa nimesema jambo nisilolijua, na kwa sababu yake kuna vidole vyeusi sakafuni.

Siku ya tatu Mzee Ramazani alikuja nyumbani na gitaa, mchana kweupe. Papa Mukubwa na yule mama mwombezi walikuwa wamefika kwa ajili ya moto. Makaa yalikuwa yameshawashwa uani. Papa Mukubwa alimheshimu mzee kwa ajili ya baba, la sivyo asingemruhusu kuingia. Mzee aliomba jambo moja: alitundike gitaa pale lilipokuwa, wangoje, na mtoto abaki amefungiwa. Kama litaimba wakati mtoto yuko nyuma ya mlango, mbali, basi wamsikilize.

Kulikuwa na shida ambayo hakunificha. Njiani gitaa lilikuwa limegongwa na kutikiswa, na uzi haukuwa tena kwenye sauti yake. Aliniita mbele yao wote, akasema mimi peke yangu ndiye niliyeisikia sauti ile mara nyingi. Niiimbe, naye atauvuta uzi mpaka ufike hapo.

Sikutaka. Mtu akitaka anielewe vibaya, lakini hata baada ya karatasi zile bado nusu yangu iliamini kwamba nikiitoa sauti ile kinywani mwangu, itakaa humo. Mama mwombezi alikuwa akiniangalia kwa yale macho yake mapole. Papa Mukubwa alinitazama pia. Nikafunga mdomo, nikafumba macho, nikanguruma. Ilitoka nyembamba, ikatetemeka. Mzee alisubiri bila kunihimiza. Nikashusha pumzi, nikaanza tena, chini zaidi, mpaka nikaisikia katika mfupa wa taya jinsi ilivyokuwa. Alizungusha kigingi cha kukazia uzi taratibu, akipiga uzi kwa ukucha, mpaka uzi na koo langu vikawa kitu kimoja na nikashindwa kutofautisha.

Tukangoja. Saa ikapita. Yule mama alianza kuomba kwa sauti ya chini. Makaa yalikuwa yanaiva. Papa Mukubwa alisimama mara mbili, akakaa mara mbili, na mara ya tatu alinyoosha mkono kwenye msumari. Wakati huohuo watoto wa mtaa mzima wakapiga ukelele, ule tuliozoea kupiga, kwa sababu umeme ulikuwa umerudi. Redio ya jirani mmoja ikaanza katikati ya tangazo. Na gitaa halikuimba.

Nilimwangalia Mzee. Aliinua kidole, tungoje. Akasogea, akakigusa kile kigingi kidogo sana, kiasi cha upana wa unywele. Uzi ukawa ukungu. Gitaa likaguna.

Mzee aliuzuia uzi kwa kidole, ukanyamaza, akauachia, ukaanza. Akaukaza, ukafa kabisa, akaulegeza, ukarudi. Kisha akamshika Papa Mukubwa mkono, akamwekea kiganja ukutani, na nikaona uso wa Papa Mukubwa ukibadilika. Tajiri alikuwa amechimba kisima kirefu mwanzoni mwa kiangazi. Pampu yake ilikuwa chini sana ardhini, hatukuisikia kwa masikio, lakini bomba lake na chuma cha tangi vilifungwa kwenye ukuta tuliogusana nao, na kila umeme uliporudi alivuta maji.

Mama mwombezi alisema shetani anajua kutumia hata pampu. Papa Mukubwa alitoa kiganja ukutani, akakipangusa kwenye suruali. "Gitaa tunaona," alisema. "Lakini mutoto? Juu ya nini anaendaka palepale kila mara? Nani anamwambia?"

Mzee Ramazani alilitazama gitaa. Alikuja kwa ajili ya uzi. Habari za moyo wa mtoto asiyemjua hakuzijua. Hilo likanitisha kuliko siku zote tatu, maana niliona jambo lile linaanza kurudi lilikokuwa.

Ndipo mama alipokwenda kwenye chumba cha makaa akavuta komeo. Hakuomba ruhusa. Mwansa alikuwa amelala ubavu, ameupa mlango mgongo. Mama akamwita jina lake. Akamwita tena, kwa sauti ya sokoni. Hakugeuka. Mama alishika mlango kwa mikono miwili, na nadhani alifikiri amekufa. Mzee alikuwa nyuma yake. Aliinama, akagonga sakafu ya saruji mara mbili kwa ngumi. Mwansa akaruka, akageuka, akatuona sote tumesimama pale, akajikinga uso.

"Huyu mutoto hasikiake," Mzee alisema polepole, kama mtu anayejisomea. "Anasikia na mugongo."

Mama alimbeba mpaka sebuleni, mkubwa vile, miguu inaning'inia. Alimnywesha maji kijiko kwa kijiko mbele ya Papa Mukubwa, na kati ya kijiko na kijiko alimwekea kiganja ukutani na kumwonyesha kwa mikono: kwa nini hapa? Mwansa alichukua muda kuelewa. Alisema kwa ile sauti yake ya bapa, ambayo sasa tu nilijua kwa nini ilikuwa bapa, kwamba ukuta unaimbaga kama moteri ya mtumbwi, ambamo alilalaga chali, mgongo kwenye mbao, wakati mama yake akienda kununua samaki ng'ambo ya ziwa. Akasema ukuta ukianza, anajua.

Papa Mukubwa akasema jambo hili litazungumzwa katika ukoo. Mama hakuinua macho kwenye kijiko. "Batazungumuza," alisema. "Lakini huyu iko mutoto yangu. Mwenye kumufunga tena, anifunge na miye."

Papa Mukubwa akaondoka. Yule mama mwombezi naye alikwenda, akituahidi maombi. Papa Mukubwa alirudi baada ya mwezi, akaleta kanga wawili, akaongea habari za mvua, na hakuomba msamaha siku hiyo wala siku nyingine mpaka tulipomzika.

Muuguzi aliyempima Mwansa alisema masikio yaliondoka na homa fulani, huko Pweto, na yaliyobaki yatapungua. Alisema pia jambo ambalo mama alilifurahia: kwamba mtoto ni mwerevu, amejifundisha mwenyewe kusoma midomo, ukimtazama usoni ukasema taratibu anaelewa karibu yote. Mama alipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi pembeni yake. Nikaona tena mlango ule wa Jumapili uliokuwa wazi, mchi umesimama katikati ya kinu, na macho makubwa yanatazama kinywa changu nikimweleza Papa Mukubwa.

Niliishi na hilo miaka mingi. Tulikua, tukagawana nguo, nikawa mdomo wake shuleni na sokoni, na kila aliponitazama muda mrefu nilisubiri aseme. Akikasirika kwa jambo dogo nilidhani ndiyo siku yenyewe. Akinifanyia wema niliogopa zaidi. Sasa ana chumba chake cha ushonaji na wasichana wawili anaowafundisha, na hasikii kabisa; huweka kiganja kwenye meza ya cherehani na kumwambia msichana asimamishe kabla sindano haijavunjika.

Mwaka huu, tulipomaliza matanga ya mama, tulibaki wawili tukikunja vitenge vyake. Sikuweza tena. Nilimgusa bega ageuke, nikamwambia taratibu, ili asome yote, kwamba ni mimi niliyesema ile Jumapili.

Aliendelea kukunja. "Nilikuonaka," alisema. "Niliona kila neno."

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hii. Alinitazama kama mtu anayeshangaa kwamba jambo hilo halijulikani.

"Juu ungeogopa kulala na miye," alisema. "Na miye peke yangu, sikukuwa naweza kulala. Niliogopa."